Kavata Amekataa Benchi

Ukiingia soko la Mukuyuni utapata karakana ya seremala, na mbele yake benchi moja ndefu ambayo seremala mwenyewe ameshindwa kuiuza kwa sababu haijawahi kukosa watu juu yake. Hapo ndipo mimi Kasiva huweka birika langu la kahawa ya tangawizi. Wanaume wanne hukaa hapo kila Jumamosi mpaka kivuli kiwahame. Mulinge, mwenye karakana, tunamwita Randa. Mbaluka tunamwita Kocha, kwa sababu mchana anaendesha boda na jioni anafunza vijana mpira. Mutiso tunamwita Korti. Alistaafu kazi ya kuita majina ya kesi mahakamani, lakini sauti yake haikustaafu. Wa nne ni Muthama, mkulima wa kule milima ya Kilungu, na jina lake hapa ni Kilungu, maana kila sentensi yake inaanzia huko. Mtu anachukua kikombe kimoja na kukishika asubuhi yote kama ameachiwa mtoto wa wenyewe. Kitu wanachoniuliza mimi ni kimoja tu: kama kahawa ina sukari.

Jumamosi hiyo akaja Muindi, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Muindi ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hakai kijiweni. Huwa anapita, anatusalimia kwa kofia, anaenda zake. Leo alikaa. Nikamtilia kahawa kabla hajaagiza, kwa sababu uso wake haukuwa wa kuagiza kitu.

Kocha: Asi! Mzee leo umekaa na sisi watenda dhambi? Kuna nini?

Muindi: Kavata amekataa benchi.

Wewe kama si wa huku hujui, basi sikia. Kule kanisani kwa Muindi, mshirika akianguka, wazee wanakaa kikao. Anatolewa kwa kwaya, anatolewa kwa meza ya Bwana, halafu anaambiwa akae benchi ya mwisho karibu na mlango, mpaka siku atasimama mbele ya watu wote aombe msamaha. Hawasemi ametengwa. Wanasema amewekwa benchi, basi. Kavata ni kitinda mimba wa Muindi, na ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Ana mimba na hana mume. Amekaa hiyo benchi tangu tulipokuwa tunapalilia, na sasa tumeshavuna mbaazi.

Muindi: Asubuhi amemwambia mama yake kesho haendi. Na si kesho tu. Anasema hatakanyaga tena huko, na mtoto akizaliwa hatamleta. Mke wangu Syokau amelia mpaka ameacha chai ikaungua. Sasa mimi nifanye nini?

Mtu akiuliza hivyo, mahali pengine anapewa pole. Hapa kwetu anapewa maana ya neno.

Kocha: Kwanza mzee, usishtuke. Benchi si adhabu. Kwa mpira, benchi ni timu. Umevaa jezi, umekula chakula ya timu, unaitwa mchezaji. Kazi yako ni kupasha mwili moto ukingojea kocha akuite.

Muindi: Apashe mwili moto na mimba?

Kocha: Ni mfano, mzee.

Korti: Ni mfano mbaya. Mimi nimefanya kazi kortini, acha niseme. Wakili akisema "benchi imeamua", haongei juu ya mbao. Anaongea juu ya hakimu. Benchi ndiyo inakuhukumu! Kwa hivyo mtu aliyewekwa kwa benchi amepewa cheo. Kavata hapo nyuma ndiye anawahukumu nyinyi wote.

Randa: Cheo gani hicho cha kukaa karibu na mlango upepo ukikupiga?

Korti: Hata mahakimu wanapigwa na upepo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Randa: Sasa hiyo imeingiaje?

Korti: Imeingia.

Randa akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue anataka kutumia mikono.

Randa: Nyinyi mnaongea benchi za hewa. Benchi ya kweli ni ya fundi, ile iko ndani hapo. Ubao umepinda, unauleta kwa benchi, unaufunga na vaisi, unaupiga randa mpaka unyooke. Usipoufunga unarukaruka, unakukata kidole. Kanisa limemfunga Kavata kidogo ili anyooshwe. Samaki mkunje angali mbichi.

Kilungu: Samaki na mbao wapi na wapi?

Randa: Vyote hukauka.

Muindi: Unasema mtoto wangu anapigwa randa.

Randa: Kwa upendo, mzee. Kwa upendo.

Kahawa ya Muindi ilikuwa imeshaanza kufanya utando juu. Mimi nilitaka kumwambia Randa kwamba ubao hausikii aibu, lakini nilikuwa napeana chenji, na hawa wakianza huwa hawana pengo la mtu kuingilia.

Kilungu: Huko kwetu Kilungu, benchi si kiti. Mlima wote umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi tunaiita benchi. Watu wa kilimo walituletea hilo jina zamani, na akina mama wa mwethya wakachimba kwa jembe na koleo huku wakiimba, kikundi kizima, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mlima bila benchi, mvua moja tu, udongo wote uko mtoni. Sasa angalieni. Kila kitu huwa kinateleza kwenda chini, si ndiyo? Kanisani chini ni wapi? Ni mlangoni. Nani amekaa mlangoni? Kavata! Ndiye ameshikilia kanisa lote lisiteleze.

Kocha: Maji yakimwagika hayazoleki, Kilungu.

Kilungu: Nani alikudanganya? Kwetu yanazoleka. Ndiyo kazi ya benchi.

Korti: Aiya, huyu ameshinda.

Kocha: Hajashinda. Na wale vijana wa jimu ya Tawa? Kwao benchi ni kulala chali unainua vyuma. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa kwa benchi na amelala, na bado anapata nguvu. Hiyo ndiyo siri. Ukiona mtu yuko chini usimhurumie, pengine ndiyo mazoezi.

Muindi: Kocha, mwanangu halali chali. Anakaa wima masaa matatu na mgongo unamuuma.

Randa: Mgongo? Lakini hizo benchi nilitengeneza mimi! Zote. Mbao ya mgrevilia, na nikapiga msasa mara mbili.

Muindi: Ya mwisho haina pa kuegemea.

Randa: Hiyo ni kweli. Mbao iliisha.

Hapo nikadhani aibu itamnyamazisha. Haikumnyamazisha. Ilimpa akili nyingine, na akasimama kabisa.

Randa: Sikilizeni. Nimepata dawa. Leo jioni naenda na mkokoteni. Namwambia mlinzi wa kanisa, benchi ya mwisho ina kasoro, naipeleka karakana niitilie mgongo. Naileta hapa. Kesho watu wakija, benchi ya nyuma haipo! Na kama benchi haipo, adhabu haipo. Kavata anakaa na watu.

Kocha: Sasa hiyo ni akili.

Kilungu: Ngoja kwanza. Ukitoa ya mwisho, ile iko mbele yake si ndiyo inakuwa ya mwisho?

Randa: Naitoa pia.

Kilungu: Na ile nyingine mbele?

Randa: Natoa.

Korti: Utatoa mpaka lini?

Randa: Mpaka kanisa lote lisimame.

Korti: Halafu pasta ndiye amekaa peke yake? Huyo sasa amekuwa benchi. Mnaona? Nilisema benchi ni hakimu.

Kilungu: Afadhali yangu. Usitoe hata moja. Zigeuze. Geuza benchi zote ziangalie mlango. Ya nyuma inakuwa ya mbele, na Kavata yuko mbele kabisa na pasta anahubiri akiwa mlangoni.

Kocha: Na mvua ikinyesha?

Kilungu: Tutashukuru. Sisi ni Wakamba, lini tumekataa mvua?

Wakacheka mpaka mtu wa duka jirani akatoa kichwa nje. Hata mimi nilicheka, siwezi kusema uongo. Muindi tu ndiye hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe mkononi, pole pole, bila kunywa.

Korti: Mzee, tuwache mchezo. Njia ya sheria ni rufaa. Kuna kitu kinaitwa benchi kamili. Hakimu mmoja akikuumiza, unaenda kwa majaji watatu, watano, saba. Unapeleka kanisa la hapa kwa kanisa la juu. Wakikataa, unapanda tena.

Kocha: Mpaka wapi?

Korti: Mpaka kule juu kabisa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kocha: Tezi si ile ya shingo?

Korti: Ni hiyo hiyo. Ikikushika unarudi nyumbani.

Kocha: Mimi bado nasema ni mambo ya timu. Mzee, tangu Kavata atolewe, nani anaanzisha nyimbo?

Muindi: Mke wa mwinjilisti.

Kocha: Na anaanzisha vizuri?

Muindi: Anaanzia juu sana. Tukifika ubeti wa pili wanaume wameacha, tunapiga makofi tu.

Kocha: Si nimesema! Timu inafungwa na mchezaji mzuri yuko nje. Hapo ni kubadilisha tu.

Korti: Na yule kijana? Mshtakiwa wa pili. Yeye yuko benchi gani?

Muindi: Yule si mshirika wetu. Hana benchi.

Jibu hilo lilinikasirisha, wacha niseme wazi. Kijana yuko Emali anauza simu, Jumapili analala mpaka jua liwake, na hakuna kanisa lenye ubao wa kumweka. Mimba walitafuta wawili, benchi ikapata mmoja. Nikamwaga maji ya kuoshea vikombe karibu na viatu vya Korti, na Korti akavuta miguu akisema "Mama, pole pole," kama kwamba yeye ndiye ameonewa.

Muindi: Mimi nilikuwa kwa hicho kikao.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alisema tu, akiangalia kikombe.

Muindi: Mwenyekiti aliuliza kama kuna mzee mwenye neno. Wote wakaniangalia. Sikusema kitu. Ningesema nini? Miaka yote tumeweka watoto wa watu kwa hiyo benchi na mimi nikiinua mkono. Sasa wangu akifika niseme huyu hapana? Kesho yake ningewaangaliaje wale wengine machoni?

Kilungu: Hapo ni pagumu.

Randa: Pagumu kweli.

Korti: Sheria ni msumeno, mzee, hukata mbele na nyuma.

Hiyo ilikuwa methali ya kwanza kutua mahali pake asubuhi hiyo, na haikumsaidia mtu. Muindi aliitikia tu kwa kichwa. Nilimwonea huruma. Mwanaume wa rika lake halii sokoni.

Ndipo akaja Wacuka. Wacuka ni mtu wa Murang'a, amefungua kibanda cha nguo za watoto karibu na steji, na bado ni mgeni. Watu wanamsalimia kwa Kikamba wamtege, na yeye anajibu "Nĩmũseo" kwa sauti ya Kikuyu. Alikuja na kikombe chake mwenyewe kama kawaida. Nikimtilia, akasikia Kocha na Randa wamerudia mkokoteni, kama uende na njia ya shule au ya sokoni. Akaniuliza chini chini ni nini. Nikamweleza kwa kifupi: binti, mimba, benchi ya mwisho, amekataa kurudi. Akasikiliza yote. Halafu akamgeukia Muindi.

Wacuka: Mzee, pole sana. Naweza kuuliza kitu? Mimi ni mgeni, sijui mambo ya hapa.

Korti: Uliza tu mama. Benchi inakusikiza.

Wacuka: Huyo msichana wako, akiwa hapo nyuma, huwa anakaa na nani?

Kocha alifungua mdomo. Nilimwona. Akaufunga tena, akachukua kikombe chake akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu tangu mapema. Kilungu akatazama milima yake. Korti alianza, "Kwa kawaida," na hiyo kawaida ikakwama hapo hapo.

Randa: Benchi hiyo inatosha watu sita.

Wacuka: Sijauliza inatosha wangapi.

Randa akakaa chini.

Muindi: Mama yake hukaa na akina mama, upande wa dirisha. Ni mweka hazina wao, wanakaa pamoja.

Wacuka: Ee.

Muindi: Kwaya iko upande ule mwingine. Marafiki zake wote wako kwaya.

Wacuka: Na wewe, mzee?

Muindi: Mimi nakaa mbele na wazee. Tunaangalia madhabahu.

Wacuka: Hujawahi kugeuka?

Muindi: Mzee wa kanisa hageuki wakati wa ibada.

Alisema hivyo haraka, kama mtu aliyefundishwa. Halafu nadhani alisikia alichosema. Aliweka kikombe chini kwenye mchanga, mikono ikabaki bila kazi.

Muindi: Sijui. Sijui anakaa na nani.

Hakuna aliyetoa methali. Wacuka mwenyewe aliona vibaya, akataka kuomba msamaha, nikamshika mkono nikamzuia. Mtu akianza kuona kitu usimfunike macho.

Muindi akatoa simu. Simu yake imeharibika upande wa sikio, akipiga lazima aweke sauti kubwa, kwa hivyo soko lote hujua bei yake ya mbegu. Iliita muda mrefu. Wakaongea Kikamba, na mimi nikawa namnong'onezea Wacuka kwa Kiswahili.

Kavata: Baba, kama ni mambo ya kesho, nimeshamwambia mama.

Muindi: Si hiyo. Nataka kukuuliza kitu.

Kavata: Uliza.

Muindi: Hapo nyuma unapokaa. Mtu mwingine akija anaweza kupata nafasi?

Kavata: Mtu gani?

Muindi: Mimi.

Kocha alikuwa ameinamisha kichwa karibu na magoti.

Kavata: Baba, wewe ni mzee wa kanisa. Utakaaje huku?

Muindi: Nitakaa tu. Nitakupitia asubuhi tuende pamoja. Na ukisema huendi, nitakwenda nikae hapo peke yangu, nijue kulivyo. Lakini sijauliza hayo, mwiitu wakwa, binti yangu. Nimeuliza kama kuna nafasi.

Tulisikia akivuta pumzi, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya kuanzisha nyimbo. Ilikuwa ndogo sana. Nilichelewa kumtafsiria Wacuka.

Kavata: Iko, baba. Ni mimi peke yangu. Iko nafasi nyingi.